Kabla Hujanunua Kompyuta, Nunua Daftari

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha nne ikishamalizika mwezi Novemba, swali moja huzunguka mkoani Kilimanjaro, kuanzia Machame hadi Rombo: kijana apelekwe kozi gani ya kompyuta? Wazazi wenye nia njema hujinyima, ada hupatikana, mtoto huteremka mjini kila asubuhi, na baada ya miezi michache anarudi na cheti cha kuchapa barua na kutengeneza kadi za harusi. Ni swali zuri, ila limechelewa miaka minne. Lilitakiwa kuulizwa mtoto alipokuwa kidato cha kwanza, na lilitakiwa kuulizwa hivi: je, asome kompyuta kama somo, na akilisoma, alisome vipi?

Nawaandikia wanafunzi wa sekondari na wazazi wao, hasa wale ambao shule zao hazina maabara ya kujivunia. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: kompyuta kama somo ni somo la kufikiri kwa utaratibu, na sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kwa kalamu na daftari. Asiyelijua hili hukata tamaa mapema kwa kuwa hana mashine, au hununua mashine kisha akabaki palepale.

Kwanza tujue tunazungumzia somo lipi. Kwa miaka mingi somo la kidato cha kwanza hadi cha nne limekuwa likiitwa ICS, yaani Information and Computer Studies, na kwenye mitihani ya Baraza la Mitihani, NECTA, namba yake ni 036. Ni somo la kuchagua, wala si la lazima, na shule isiyo na mwalimu wala vifaa hailifundishi. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umelipa nafasi kubwa zaidi, likiwa ni Sayansi ya Kompyuta. Kwa kidato cha tano, miongoni mwa tahasusi 65 zilizotangazwa mwaka 2024 imo PMCs, yaani Fizikia, Hisabati na Sayansi ya Kompyuta. Kwa hiyo njia ipo, kutoka kidato cha kwanza mpaka chuo kikuu. Tatizo ni kwamba wengi huingia njiani bila kujua inaelekea wapi.

Ukifungua madaftari ya wanafunzi wengi utakuta sifa tano za kompyuta, hasara nne za intaneti, vizazi vya kompyuta kuanzia ile ya mirija hadi ya leo. Yote yamenakiliwa ubaoni na kukaririwa. Hayo ni ya kujua, na mtihani utayauliza, lakini siyo moyo wa somo. Moyo wa somo ni kuchukua kazi, kuigawa katika hatua, kuzipanga hatua hizo pasipo kuacha pengo, na kuhakikisha kwamba yeyote atakayezifuata, awe mtu au mashine, atapata jibu lilelile.

Wazee wa mlimani walilijua hilo kabla ya nguzo ya umeme kufika. Mfongo, yaani mfereji wa maji unaotoka msituni na kupita kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya watu wengi, hauwezi kuendeshwa kwa kubahatisha. Kuna zamu: nani anafungulia asubuhi, nani mchana, nani atakosa maji wiki hii kwa sababu hakutokea siku ya kusafisha mfereji, na maji yakipungua wakati wa kiangazi nani apunguziwe kwanza. Kila sharti lina jibu lake, na mzunguko ukiisha unaanza upya. Utaratibu wa namna hiyo ndio wataalamu wanaouita algorithimu. Mwanafunzi anayeweza kukaa na babu yake, akaandika zamu za maji za kitongoji chake kwa hatua zilizonyooka, zenye masharti yote, ameshaanza somo hata kama hajagusa kitufe.

Sasa tuje kwenye daftari lenyewe. Chukua jambo la hapahapa. Mzigo wa mgumu, yaani mpagazi anayepanda Kilimanjaro na wageni, hautakiwi kuzidi kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Andika maelekezo ya kupokea uzito wa mzigo na kusema kama upite au upunguzwe. Rahisi? Wengi wataandika: kama kilo ni zaidi ya 20, punguza; kama ni chini ya 20, pita. Sasa jaribu kwa namba tatu: 19, 20 na 21. Kumi na tisa inapita. Ishirini na moja inapunguzwa. Ishirini yenyewe je? Haimo. Si zaidi, si chini. Programu itakaa kimya na mgumu atabaki amesimama langoni. Kosa hili la mpakani ni miongoni mwa makosa yanayorudiwa sana duniani na watu wanaolipwa mishahara mikubwa, na dawa yake ni tabia ndogo: kila ukiandika sharti, jaribu namba ya chini kidogo, namba yenyewe, na ya juu kidogo.

Chukua la pili, tena hili lina uzito zaidi kwetu. Mkulima anapeleka kahawa kwenye chama cha msingi kwa awamu tatu: kilo 12, kilo 9, kilo 15.5. Andika:

jumla = 0
kwa kila mzigo: jumla = jumla + kilo
mwisho: andika jumla

Chora jedwali. Safu moja andika mzigo, nyingine andika jumla. Mwanzo jumla ni 0. Baada ya mzigo wa kwanza ni 12, baada ya wa pili 21, baada ya wa tatu 36.5. Umefuatilia programu kwa mkono, kama mashine inavyofanya, na umeona kila hatua. Sasa jiulize: ningesahau kuanza na 0 ingekuwaje? Ningeandika “andika jumla” ndani ya mzunguko badala ya mwisho, ningepata nini? Fanya hivyo kwa penseli. Utajifunza zaidi kuliko kuangalia video nzima.

Halafu kuna jambo ambalo daftari litalionyesha kama mwalimu atalisema. Katika lugha ya C++, ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na sita hukutana nayo, unaiambia kompyuta kila namba ni ya aina gani. Ukitangaza kilo kuwa int, yaani namba kamili, ile 15.5 inahifadhiwa kama 15. Hakuna kengele inayolia. Jumla inatoka 36, karatasi inachapishwa safi, na nusu kilo ya mkulima imepotea. Zidisha kwa wakulima wote wa chama kwa msimu mzima. Ushirika wetu wa KNCU ulianza mwaka 1933, na tangu enzi hizo ugomvi wa mkulima na mzani haujaisha. Kijana wa Kibosho au Marangu anayejua tofauti ya int na float ana jambo la kuwaambia wazee kwenye mkutano mkuu. Ndiyo maana nasema somo hili si la mjini peke yake.

Hapo nimegusa namba, na lazima niseme wazi kuhusu Hisabati. Kuna wanaokimbilia kompyuta wakidhani wamekwepa Hisabati. Hawajaikwepa, maana mlango wa kidato cha tano na wa chuo umo mikononi mwake. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, watahiniwa waliofaulu Hisabati nchi nzima walikuwa kama robo tu. Ukiwa ndani ya robo hiyo, milango mingi ya kompyuta inafunguka. Ukiwa nje, hata cheti kizuri cha kozi hakikupeleki mbali. Kama una saa mbili kwa siku za kujisomea, na kompyuta haipo, ipe Hisabati saa nzima bila kujuta. Zitilie mkazo seti, mantiki, kanuni za aljebra na mfuatano wa namba, kwa kuwa hayo utayakuta tena ndani ya programu yakiwa yamevaa nguo nyingine.

Lugha nayo ni mzigo kwa aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili. Vitabu ni vya Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, na hata maneno ya lugha za programu yametoka huko. Usipoteze muda kulalamika, wala usikariri usichoelewa. Soma ukurasa kwa Kiingereza, funga kitabu, kisha mweleze mtu wa nyumbani kwa Kiswahili, au kwa Kichaga kama ndicho kinachozungumzwa jikoni kwenu. Ukikwama katikati, hapo ndipo hujaelewa. Rudi kitabuni hapo tu, kisha andika maelezo yako kwa Kiingereza chako mwenyewe. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni, na Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013, ina masomo ya sekondari yaliyotungwa kwa mtaala wetu.

Tuingie maabara, kama ipo. Shule nyingi zina mashine chache, na baadhi ya mashine hizo ni mapambo. Kipindi ni dakika 40, wanafunzi wanagombea viti, na nusu ya muda inakwisha mashine zikiwaka. Usiingie humo mikono mitupu. Ingia na programu uliyoiandika na kuifuatilia daftarini usiku uliopita, ili dakika zako zote ziwe za kuingiza, kuendesha na kurekebisha. Kaeni wawili kwa mashine moja: mmoja anachapa, mwingine anasoma kutoka daftarini na kukamata makosa, halafu mnabadilishana katikati ya kipindi. Umeme ukikatika, na utakatika, msitawanyike. Endeleeni na majedwali.

Walimu, hapa nawaomba jicho. Kwenye shule za mchanganyiko wavulana ndio hukamata kibodi na wasichana huachiwa kuandika ripoti. Hali hiyo ikiendelea muhula mzima, msichana anaingia kwenye mtihani wa vitendo vidole vikiwa vigeni. Badilisheni kwa saa, msiache waelewane wenyewe. Mkoa huu una Weruweru, Ashira, Machame na Kibosho, shule za wasichana zenye heshima ya miaka mingi katika masomo, kwa hiyo hakuna wa kutuambia kwamba mabinti wa hapa hawawezi. Kule Dar es Salaam, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls mwaka 2013 ili kuwafundisha wasichana kutengeneza programu, na kazi hiyo imeonyesha kinachotokea msichana akipewa kibodi mapema.

Mzazi anayetafuta shule afanye utafiti kidogo kabla ya kulipa. Neno “kompyuta” kwenye bango la shule halitoshi. Uliza: somo lina mwalimu wa kudumu, au ni fundi anayekuja siku moja moja? Kila darasa linaingia maabara mara ngapi kwa wiki? Wanafunzi wanasajiliwa NECTA kwa somo hili, au ni la kupitisha muda? La mwisho unaweza kulithibitisha mwenyewe: matokeo ya kidato cha nne ya kila shule huwekwa kwenye tovuti ya NECTA, na kila mtahiniwa huonyeshwa masomo aliyofanya na alama zake. Fungua matokeo ya miaka miwili mitatu ya shule hiyo, angalia ni wangapi walifanya kompyuta na walipata nini. Maabara yenye vioo vinavyong'aa isiyo na mtahiniwa hata mmoja ina maana yake.

Wengine wataniuliza kuhusu kununua kompyuta. Kama fedha ipo, nunua, lakini usiuze shamba. Kompyuta mpakato iliyotumika inatosha kabisa kujifunzia Python, C++ na kurasa za wavuti. Tafuta yenye RAM ya gigabaiti 4 au zaidi, na diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka, kwani diski ndiyo inayofanya mashine ya zamani ionekane imekufa. Iwashe dukani ukiwa umechomoa chaja, ikae robo saa uone betri. Bonyeza kila kitufe. Chomeka flashi kila tundu. Omba risiti yenye namba ya mashine, usije ukanunua mali ya wizi. Ukifika nayo nyumbani kumbuka hali ya hewa: kwenu kama ni juu, karibu na msitu, unyevu wa masika huingia kwenye mashine, basi isikae sakafuni wala karibu na jiko la kuni; kama ni tambarare, vumbi ndilo adui. Umeme unaopanda na kushuka huua chaja, kwa hiyo chomoa radi zinapoanza.

Nchi hii iliwahi kujifunza kwa gharama kwamba mashine peke yake haileti kitu. Mwaka 1974, baada ya hesabu za Serikali zilizowekwa kwenye kompyuta kuvurugika, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na ilichukua miaka mingi mlango kufunguliwa tena. Kilichokosekana ni watu wenye maarifa ya kuzitumia. Mzazi akimnunulia mtoto mashine bila mtu wa kumwongoza, anarudia kosa lilelile kwa kiwango cha nyumbani.

Asiye na kompyuta anaweza kutumia simu ya mzazi wakati wa likizo, maana shuleni simu haziruhusiwi. Kuna programu za simu za Android, kama Pydroid, zinazoendesha Python bila intaneti baada ya kupakuliwa. Patana na mzazi muda maalumu, tuseme saa moja jioni, na mwonyeshe ulichokifanya ili asidhani unachati. Mtandao wa TTCL ulifikishwa hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, mwezi Desemba 2022. Kwa wengi wetu huku chini kikwazo ni gharama ya bando, ndiyo maana nasisitiza vitu vinavyofanya kazi bila intaneti.

Na akili bandia? Kijana mwenye simu leo anaweza kuiomba ChatGPT imwandikie programu nzima. Itaandika. Ukiinakili, umeazima akili ambayo haitaingia nawe kwenye chumba cha mtihani. Itumie kwa namna tofauti: andika yako kwanza, hata kama ina makosa, kisha iulize kwa nini mstari fulani haufanyi kazi. Jibu lake lipitishe kwenye jedwali lako la penseli, kwa kuwa nayo hukosea, tena kwa kujiamini.

Wenzetu wa Taveta, Kenya, ng'ambo ya Holili, wana jambo la kuiga. Mtahiniwa wa kompyuta kwenye mtihani wao wa kumaliza sekondari, KCSE, hutengeneza mradi wake mwenyewe, na mradi huo unahesabika katika matokeo. Usisubiri mtihani wetu ukulazimishe. Ukifika kidato cha tatu chagua tatizo moja la kweli: orodha ya vitabu vya maktaba ya shule, madeni ya duka la mama, kilo za kahawa za chama cha msingi, zamu za mfongo. Tatizo liwe la mtu unayemfahamu, atakayekuambia kwamba ulichotengeneza hakimfai. Hilo ndilo darasa ambalo hakuna mwalimu anayeweza kulifundisha ubaoni.

Turudi sasa kwa yule aliyemaliza kidato cha nne. Kutoka Novemba hadi kuanza kidato cha tano mwezi Julai kuna miezi zaidi ya saba. Kozi ya Word na Excel si mbaya. Excel hasa, ikifundishwa pamoja na fomula badala ya kuchora majedwali ya rangi, ni kazi nusu. Muulize mwenye kituo kabla ya kulipa: mwanangu akimaliza ataweza kuandika fomula yenye sharti? Akibabaika, nenda kituo kingine. Ukimaliza hiyo, anza Python kwa muda uliobaki. Matokeo yakitoka Januari, fungua upya Selform yako, ile fomu ya kuchagua tahasusi: unaruhusiwa kubadili tahasusi kulingana na alama ulizopata, na wengi hupoteza nafasi ya PMCs kwa sababu walijaza kwa kufuata rafiki.

Usipochaguliwa kidato cha tano, usikae nyumbani ukidhani safari imekwisha. VETA Moshi ipo, na mwenye ufaulu wa masomo manne anaweza kuomba astashahada kwenye vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET. Chuo cha Ufundi Arusha na Chuo cha Uhasibu Arusha viko mwendo wa basi tu, na DIT iko Dar es Salaam. Anayeanzia astashahada akasoma stashahada, kisha shahada, anafika palepale anapofika wa kidato cha sita, na mara nyingi mikono yake imezoea kazi zaidi. Wa kidato cha sita ana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, ana Dodoma, na hapahapa Moshi Chuo Kikuu cha Ushirika kinafundisha teknolojia ya habari kwa upande wa biashara. Wenye alama za juu kabisa katika sayansi waulize pia kuhusu Samia Scholarship, iliyoanza mwaka 2022.

Nimalizie na wale waliokwisha kupita njia hii. Desemba barabara ya kuja Moshi hujaa magari ya watoto wa mlimani wanaorudi nyumbani kwa Krismasi, na miongoni mwao wamo wahandisi wa mifumo ya benki, wa kampuni za simu, wa wizara. Mwaka huu, kabla ya kurudi Dar es Salaam, nenda kamwone mkuu wa shule ya kata ya kijijini kwenu. Usianze kwa kuahidi kompyuta. Muulize kama anaye mwalimu wa somo hili na kama anataka msaada, kisha panga naye wiki moja ya Januari ukae na vijana na madaftari yao. Wiki hiyo haihitaji bajeti wala mfadhili.